Kusoma kwa Jamaa na Jitihadi ya Mtu Mwenyewe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

SUALA

Vijana wawili wa hapa pwani, waliopata kusoma darsa pamoja nasi, sasa ni walimu wa Kemia katika skuli za sekondari za bara. Mmoja yuko kaunti ya Migori, na wa pili yuko kaunti ya Homa Bay. Wametuletea khitilafu yao, nasi twaona yafaa wasomaji wetu wote waijue, kwani si khitilafu ya walimu peke yao. Ni khitilafu iliyomo katika kila nyumba yenye mtoto asomaye.

Yule wa Migori amewagawanya wanafunzi wake sita sita. Kila kundi lina meza moja, bureti moja na daftari moja, na kazi yao hupewa alama moja, sawasawa kwa wote. Hoja yake ni kuwa vyombo ni vichache na watoto ni wengi. Tena asema kuwa watu wa huko tangu zamani wamezoea kuitana katika kazi ya shamba, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na Wajaluo wana jina la kazi hiyo, huiita saga. Basi kwa nini skuli ije kuwafundisha watoto kinyume cha umoja walioukuta kwa wazee wao?

Yule wa Homa Bay alianza vivyo hivyo, kisha akayavunja makundi yote. Asema aliwajaribu wanafunzi mmoja mmoja, akaona ya kuwa katika kila sita ni mmoja tu awezaye kutumia pipeti na kukisoma kipimo cha bureti. Watano waliobaki walikuwa watazamaji. Sasa kila mtoto hufanya kazi peke yake kwa zamu, na kuulizana ni marufuku. Lakini limezuka balaa jingine: wajuao wamekuwa wakificha madaftari yao, na wasiojua hawana pa kuuliza.

Wauliza: ni nani katika wao aliye sawa?

JAWABU

Twasema, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: kila mmoja wao ameishika nusu ya haki na kuiacha nusu ya pili. Wa kwanza ameuona umoja, akamsahau mtu. Wa pili amemwona mtu, akausahau umoja. Na ilimu haisimami ila kwa vyote viwili. Tutaeleza hayo kidogo kidogo, tuanze na hali ya mahali penyewe.

Migori na Homa Bay ni kaunti mbili jirani, kusini-magharibi ya Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Na Migori yafika hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Zamani zote mbili zilikuwa ndani ya wilaya moja ya Nyanza ya Kusini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kila moja ilionekana kuwa na watu zaidi ya 1,100,000. Wengi wao ni Wajaluo. Lakini wako Wakuria upande wa Kehancha, wako Wasuba katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na katika miji wamo watu wa kila namna. Hata Waislamu wa siku nyingi wako, kama wale wa Kendu Bay, na msikiti wao wa Tawakal wajulikana. Kwa hivyo darasa moja la huko laweza kuwa na watoto wa lugha tatu au nne walioketi benchi moja. Mwalimu awaambiapo wasome pamoja, huwa hakuwapa kazi ya Kemia peke yake. Amewapa na kazi ya kujuana.

Tena tangu mwaka 2018 serikali imeazimia kuwa kila mtoto amalizaye skuli ya msingi aingie sekondari. Hilo ni jambo la kheri, lakini limeyajaza madarasa. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini na bureti kumi hana hila ila kuwaweka pamoja. Na mtaala mpya wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, wahesabu mawasiliano na ushirikiano kuwa katika mambo ya msingi ambayo mtoto sharti ayapate. Wanafunzi wa mtaala wa zamani watarajiwa kufanya mtihani wao wa mwisho mwaka 2027. Baada yao, kusoma kwa makundi kutazidi, hakutapungua. Basi asiyelifikiri jambo hili leo atalazimika kulifikiri kesho.

Lakini upande wa pili wa mizani ni huu. Mtihani wa sekondari wa Kemia una karatasi tatu: ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ambayo ni ya vitendo, ina alama 40. Katika karatasi hiyo ya tatu mtahiniwa husimama mbele ya vyombo vyake peke yake. Hana wa kumshikia bureti wala wa kumwandikia. Yule aliyekuwa mtazamaji miaka minne, siku ile atatazama nini?

FARDHI MBILI

Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa fardhi ni namna mbili. Iko fardhi kifaya, kama sala ya maiti: wakiifanya baadhi ya watu, wengine wote wamesalimika. Na iko fardhi aini, kama sala tano na saumu ya Ramadhani: hapana awezaye kumfanyia mwenziwe, hata mzazi kumfanyia mwanawe.

Lau wanafunzi wangelijua jambo hili moja tu na kulitumia katika masomo, khitilafu yote ingeondoka. Katika kazi ya kundi yamo ya kifaya na yamo ya aini. Kuleta maji mezani ni kifaya. Kuosha vyombo ni kifaya. Kuandika nakala safi ya majibu ni kifaya. Akiandika mmoja yatosha. Lakini kufahamu kwa nini rangi imebadilika pale tone la mwisho lilipoanguka, hilo ni fardhi aini. Mwenzako hawezi kukufahamia, kama vile hawezi kukulia chakula ukashiba wewe. Maradhi ya makundi mengi ni kuwa wanafunzi huichukua fardhi aini wakaifanya kifaya: akifahamu mmoja, wote hujiona wamefahamu.

Na atakaye mfano ulio karibu zaidi na atazame sala ya jamaa. Hapana umoja ulio mkubwa kuliko ule: safu moja, kibla kimoja, imamu mmoja, wote hurukuu na kusujudu kwa pamoja. Hata hivyo, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, maamuma hawachi kusoma Fatiha yake mwenyewe nyuma ya imamu. Kusimama kwake safuni hakumwondolei kisomo chake, wala kisomo chake hakimtoi safuni. Ni kweli kuwa yuko masbuki, aliyechelewa akamkuta imamu katika rukuu. Huyo huchukuliwa na imamu, na rakaa yake huhesabiwa. Lakini hiyo ni rukhsa ya aliyechelewa. Haikuwekwa ili mtu akae nje ya msikiti kila siku akingojea rukuu. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa, au aliyekosa wiki mbili kwa sababu ya karo, yafaa wenziwe wambebe mpaka awafikie. Ama mwenye afya na daftari, akabebwa mwaka mzima, huyo si masbuki, ni mzembe.

MARADHI YA PANDE MBILI

Maradhi ya upande wa kundi ni kutegea. Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, aliwavutisha watu kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na matokeo yake aliyatangaza mwaka 1913. Aliona kuwa watu wanane wakivuta pamoja, nguvu ya kila mmoja hushuka hadi karibu nusu ya ile aivutayo akiwa peke yake. Wavuvi wetu wavutao juya hawahitaji kuambiwa hayo na Mfaransa. Wamjua tangu zamani yule ambaye kelele zake ni kubwa kuliko mkono wake. Sehemu ya upungufu ule yatokana na kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1979 Wamarekani watatu, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliwajaribu watu kwa kupiga makofi na kupiga kelele, wakaona kuwa juhudi yenyewe hupungua mtu ajuapo kuwa sauti yake imechanganyika na za wengine. Na mwaka 1981 walionyesha dawa yake: mtu akijua kuwa sehemu yake yaweza kutambulikana peke yake, hategei.

Dawa hii wanazuoni wa Hadithi waliijua zamani. Hadithi haikupokewa kwa kauli ya kuwa watu wengi wasema. Ilipokewa kwa isnadi: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na kila mmoja akatazamwa ukweli wake, hifadhi yake na wakati wake. Silsila ni moja, lakini kila pete yake ina jina. Hapana aliyeweza kujificha katikati ya wenziwe.

Ama maradhi ya upande wa mtu peke yake ni ubakhili wa ilimu. Mwanafunzi huona kuwa akimfahamisha mwenziwe atapitwa. Huficha kitabu, hutoa jibu nusu, na wengine hufikia kusema uongo kuwa hawakusoma ilhali wamekesha. Huyu afaa aambiwe mambo mawili. La kwanza, mtihani wa nchi nzima una watahiniwa mamia ya maelfu. Yule jirani yake wa benchi si mshindani wake, ni tone moja katika bahari. La pili, amfunzaye mwenziwe hujifunza mara mbili, kwani hawezi kulieleza jambo mpaka alipange upya akilini mwake, na maswali ya asiyejua humwonyesha mahali ambapo yeye mwenyewe hakujua. Mali ikigawanywa hupungua, lakini ilimu ikigawanywa huzidi.

Yako na maradhi ya tatu, nayo hayasemwi sana kwa sababu yamevaa nguo ya wema. Ni yale ya mwanafunzi hodari ambaye huifanya kazi yote ya kundi mwenyewe, kisha hulalamika kuwa wenziwe ni wavivu. Mara nyingi hakuwapa nafasi. Bureti hakuiachia, kalamu hakuiachia, na aliyekosea alimcheka. Huyu adhani amewasaidia, kumbe amewanyang'anya.

WALIVYOKUWA WATANGULIZI WETU

Tazameni halaka ya Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, sawa na mwaka 767. Yeye na wanafunzi wake walizitazama masala kwa kujadiliana. Je, ukubwa wa mwalimu na umoja wa halaka uliwameza wanafunzi? La. Abu Yusuf, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika zama za Harun al-Rashid, na Muhammad bin al-Hasan, wote wawili walikhitalifiana na mwalimu wao katika masala mengi, na khitilafu hizo zimeandikwa katika vitabu vya madhehebu yao mpaka leo, kila kauli na mwenyewe. Madhehebu ni moja, na majina ni matatu. Na Imam wetu Shafi mwenyewe alipata kusoma kwa huyo Muhammad bin al-Hasan, kisha akasimama na madhehebu yake. Hivyo ndivyo jamaa nzuri ya ilimu: humlea mtu mpaka akaweza kusimama peke yake.

Na katika vyuo vyetu vya Kurani hapa pwani hali ilikuwa karibu na hiyo. Watoto waliketi mkeka mmoja na sauti zao zilichanganyika, lakini kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahali alipofika. Mkubwa alimsomesha mdogo, kisha mdogo akaitwa mbele ya mwalimu akasikilizwa peke yake. Hapana aliyehitimu kwa sauti ya jirani yake.

Wataalamu wa elimu wa siku hizi nao wamefika hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, Texas, skuli zilipowachanganya watoto wa Kizungu, wa Kiafrika na wa asili ya Meksiko, ikawa fujo na chuki. Elliot Aronson akayagawanya masomo vipande vipande. Kila mtoto katika kundi alipewa kipande chake, akakisoma pamoja na wale wa makundi mengine wenye kipande kama hicho, kisha akarudi kukifundisha kwa kundi lake. Hapana aliyeweza kulipata somo zima bila ya kumsikiliza kila mwenziwe, hata yule aliyekuwa akimdharau. Naye Robert Slavin, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alishika njia nyingine: watoto husoma pamoja, lakini hujaribiwa mmoja mmoja, na kundi husifiwa kwa kadiri kila mmoja alivyopanda kutoka pale alipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hivyo aliyekuwa na alama 20 akafika 35 huliletea kundi lake fakhari, na wenziwe huwa na haja ya kumfunza badala ya kumficha.

USHIRIKA ULIO HARAMU

Hapana budi kusema na hili, ijapokuwa ni chungu. Kusaidiana tulikoamrishwa ni kusaidiana katika kheri. Na kusaidiana katika dhambi tumekatazwa. Yuko mwanafunzi aitaye ndugu yake yule ampaye majibu ndani ya chumba cha mtihani, na wako wazazi waliochangishana fedha kununua karatasi kabla ya siku yake. Huo pia waitwa umoja! Mtihani wa sekondari wa mwaka 2015 uliharibiwa na wizi katika nchi nzima. Mwaka huo waliopata daraja ya A walizidi 2,600. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, walikuwa 141. Si kweli kuwa akili za watoto zilipungua kiasi hicho katika miezi kumi na miwili.

Na mlango wa jambo hili ni mdogo. Huanza pale mtoto alipoandikwa jina lake juu ya kazi ya kundi ambayo hakuigusa, akapewa alama, na hapana aliyemwuliza. Jina juu ya karatasi ni ushahidi. Aliyeweka jina lake juu ya kazi asiyoifanya ameshuhudia uongo, na aliyemwandikia jina hilo kwa kumwonea haya ameshirikiana naye. Akizoea hayo katika daftari, hatayaona mageni katika mtihani. Na akiyazoea katika mtihani, hatayaona mageni akiwa karani wa forodha au mhandisi wa daraja.

NASAHA KWA WALIMU WETU WAWILI

Baada ya maelezo haya twawapa nasaha, nao wazitazame kwa hali ya madarasa yao:

Kwanza: Makundi yarudi Homa Bay, na yabaki Migori, lakini yawe ya wanne wanne pale vyombo viruhusupo. Katika wanne ni vigumu mtu kujificha.

Pili: Kila mwanafunzi asome peke yake kabla ya kuja mezani, na aje na suala moja lililoandikwa. Asiye na kitu mkononi hana cha kushirikiana. Na baada ya mazungumzo arudi akaandike peke yake alichofahamu. Kwa hivyo iwe faragha, kisha jamaa, kisha faragha.

Tatu: Kazi za mezani ziwe kwa zamu. Leo huyu ashika bureti, huyu aandika, huyu asoma kipimo, huyu aeleza. Wiki ya pili wabadilishane. Asiachwe hodari kushika chombo daima, wala msichana kuwa mwandishi daima.

Nne: Mwalimu asimwulize kiongozi wa kundi. Amchague yeyote kwa kura, naye ajibu kwa ajili ya wote. Hapo ndipo kila mmoja atahakikisha kuwa mwenziwe amefahamu.

Tano: Alama ziwe mbili: moja ya kundi kwa kazi yao, na moja ya kila mtu kwa jaribio lake. Alama moja kwa wote ni dhulma kwa aliyefanya kazi na ni madhara kwa asiyefanya, maana yamwonyesha kuwa uvivu una malipo.

Sita: Mwenye kutegea asifukuzwe mara moja. Anasihiwe faraghani na wenziwe, apewe sehemu ndogo iliyo yake, na aulizwe sababu. Huenda hana lugha ya kuuliza, au ana njaa, au amewahi kuchekwa. Akikataa baada ya hayo, na aambiwe mwalimu, na jina lake lisiandikwe.

NA SISI WA PWANI JE?

Asije msomaji akadhani kuwa tumewasema watu wa ziwani peke yao. Watoto wetu huenda vyuo vya bara, na wa bara huja kwetu. Nao hukutana katika makundi haya haya. Mzazi amwambiaye mwanawe ajitenge na wenziwe kwa sababu ni wageni kwake amemnyima nusu ya ilimu. Na mzazi amwambiaye ashike njia ya wenziwe tu, bora apite, amemnyima nusu ya pili.

Twawaomba wazazi, mtoto arudipo skuli na kusema kuwa kundi lao limepata alama nzuri, wasiishie kufurahi. Wamwulize: wewe ulifanya nini? Kisha wamwulize la pili: ulimfunza nani? Mwenye jawabu la masuala yote mawili, huyo ndiye aliyesoma. Na darsa zetu za misikitini nazo zafaa kujipima kwa masuala hayo hayo, kwani wako watu waliohudhuria miaka kumi, na hawajapata kuulizwa hata mara moja wamefahamu nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa, na atukusanye katika kheri. Na Yeye ndiye Mwenye kuwafikisha.